TAHADHARI: Betri za "200Ah" zinazouzwa Arusha kwa wenye magari ya kulala wageni

Wadau wenye Land Cruiser na kempa za kulala wageni, kuweni macho. Kuna duka hapa Arusha linauza betri za jeli zenye stika ya 200Ah (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), na ndani hazifiki hata nusu. Jina silitaji hapa kwa sababu malalamiko tumeshayapeleka.

Dalili ni hizi: friji inazima usiku wa manane mkiwa porini, ukiwasha injini kila kitu kinarudi. Ukirudi dukani, fundi wao anakwambia altaneta (mashine ya injini inayochaji betri) imechoka. Ukimsikiliza utanunua altaneta, kesho atakuuzia inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), na friji itaendelea kuzima tu.

Sisi tulipima. Injini ikiwa inaunguruma, betri ya nyuma, ile inayoendesha friji, ilikuwa inapokea volti 14.3, kwa hiyo altaneta haina kosa. Tukaichaji ikajaa, tukaiacha ipumzike, ikasoma 12.8. Kisha tukaifunga taa ya mbele ya wati 55, ambayo inavuta chini kidogo ya ampea 5. Betri ya 200Ah ya kweli ingeiwasha usiku kucha na mchana kutwa, na chaji ikabaki. Hii tuliianza magharibi. Adhana ya alfajiri ilikuta taa imeshakuwa nyekundu kama kaa la moto. Tulipobandua stika, chini yake kulikuwa na nyingine: 65Ah. Huu ni wizi kabisa!

Betri ya jeli ya 200Ah huzidi kilo 50, hubebwa na watu wawili. Zile kijana wa duka anazining'iniza kwa mkono mmoja. Dai mzani kabla hujatoa hela. (Za lithiamu ni nyepesi kwa asili, hizo zipime kwa taa.)

Linalonitisha zaidi ni waya wao. Ganda nene, ndani aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwaruza kwa wembe: ikitokea rangi nyeupe, usiufunge. Unachemka pale unapobanwa kwenye kichwa cha betri, na ndani ya gari kuna magodoro, mtungi wa gesi na watu wamelala.

Aliyeuziwa tayari, zima inveta usiku mpaka waya ukaguliwe. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) usiitupe. Peleka pamoja na betri Tume ya Ushindani (FCC), ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia.