Kipimajoto cha sindano: chuma kizuri, karatasi ya maelezo ya ovyo

Hiki ni kile cha jikoni, chenye sindano ya chuma, kioo kidogo na betri moja ya LR44. Kinapima kuanzia -50 hadi 300 °C. Kwa bei yake, kinafanya kazi.

Tatizo ni karatasi ya maelezo. Imeandika kuwa usahihi ni "±1 °C (±33.8 °F)". Kosa hilo ni kubwa. 1 °C kwenye kipimo ni kweli 33.8 °F, maana unazidisha kwa 1.8 kisha unajumlisha 32. Lakini hapa ni tofauti ya joto, si joto lenyewe. Ile 32 hujifuta unapotoa joto moja kwenye jingine. Jibu sahihi ni ±1.8 °F. Mfano: maji yakipanda kutoka 20 hadi 30 °C, ni kutoka 68 hadi 86 °F, yaani tofauti ya 18, si 50.

Kihakiki kwa barafu: jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji yajaze nafasi, koroga, zamisha ncha bila kugusa glasi. Kisome 0 °C, au 32 °F. Usitumie maji yanayochemka ukiwa Nairobi; kwenye mwinuko ule huchemka karibu 94 au 95 °C, utakilaumu bure.

Kitufe cha °C/°F kimekaa vibaya, kinabonyezwa kwa bahati mbaya. Kuku anaiva salama kwa 74 °C. Ukisoma 74 °F, hiyo ni kama 23 °C tu, bado mbichi kabisa.