Helmeti nzima, paji la uso limeshonwa

Nilijiapiza nisiandike habari za helmeti hii nikiwa na hasira. Wiki zimepita, hasira haijaisha, basi acha niandike hivyo hivyo.

Niliinunua miezi kadhaa iliyopita kwa safari zangu za kila siku za baiskeli: kazini, sokoni, na mizunguko ya jioni. Si mtu wa mashindano mimi. Nilitaka kitu cha bei nafuu kisichonichemsha kichwa, na hii ilikuwa nyepesi, ina matundu ya hewa ya kutosha, na ndani imebandikwa EN 1078, kile kiwango cha Ulaya. Nikalipa nikaondoka na furaha yangu.

Balaa liko nyuma, kwenye kigurudumu cha kukazia kisogoni. Siku za mwanzo kilikaza vizuri, tik tik tik, kikashika. Baadaye nikawa kila nikifika niendako nakuta helmeti imelegea, inacheza kichwani kama bakuli. Nakaza, naondoka, inalegea. Nikazoea kuikaza kila niliposimama, na kuzoea huko ndiko ninakojutia.

Siku hiyo gurudumu la mbele liliteleza kwenye changarawe nikikata kona. Mwendo wenyewe wa polepole tu. Kabla sijafika chini nilisikia helmeti ikirudi nyuma na mkanda ukinikaba koo, paji la uso likabaki wazi kabisa. Nikatua nalo. Nilishonwa nyuzi kadhaa juu ya jicho la kushoto. Nyumbani niliigeuza helmeti huku na huku chini ya taa. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Nikairudisha dukani bandeji ikiwa bado usoni. Muuzaji akaipokea, akaizungusha mikononi, akaniambia, "Lakini kaka, mbona nzima hii? Haina hata alama."

Nzima! Mpaka leo neno hilo linanichoma. Helmeti ya baiskeli hutengenezwa ife yenyewe ubaki wewe. Lile povu gumu jeupe la ndani kazi yake ni kupondeka, limeze kishindo kabla hakijafika kwenye ubongo, na likishapondeka mara moja halifai tena. Mimi nimeshonwa, yenyewe haina alama. Maana yake ilipohitajika haikuwepo mahali pake. Na huyu mtu anauza helmeti kila siku.

Nikamwonyesha kigurudumu. Akakizungusha kwa kidole gumba, helmeti ikiwa mkononi haina kichwa ndani, tik tik tik. "Kinafanya kazi." Nikaivaa mbele yake, nikakaza mpaka mwisho, nikapitisha vidole viwili kisogoni nikavuta. Ikaachia yote, hata mlio haikutoa. Akasema, "Sasa ukiivuta hivyo si lazima ilegee? Jaza kitambaa nyuma, itashika. Na kwa bei hii, kaka, ulitarajia nini?" Ardhi ina nguvu kuliko vidole vyangu viwili. Nilimwambia hivyo, akawa ameshamgeukia mteja mwingine.

Nilitoka pale nikiwa tayari kuwaambia watu wote wasiguse helmeti za bei ya chini. Kauli hiyo naifuta, maana ni kukubaliana na yeye. Marekani, kwa mfano, helmeti ya baiskeli, iwe ghali au rahisi, sheria inaitaka ifaulu majaribio yale yale ya CPSC, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, likiwemo la kuidondosha kutoka mita 2 hivi kwenye chuma bapa. Chuo cha Virginia Tech huzipima na kuzipa nyota, na za bei nafuu zimo kwenye nyota tano. Pesa ya ziada mara nyingi inanunua wepesi, hewa na umbo. Kumlinda mtu paji la uso si anasa ya kulipia zaidi.

Helmeti niliyonayo sasa ni rahisi kuliko ile. Nilijipima kichwa kwa utepe juu kidogo ya nyusi, kisha nikavaa na kuvua helmeti nyingi mpaka muuzaji wa hapo, mama mmoja mvumilivu, akaniletea kioo. Nilitaka ikae sawa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, kamba zikutane chini kidogo ya sikio, kidevuni kipite kidole kimoja. Halafu nikafungua mkanda, nikaacha kigurudumu peke yake kishike, nikainama na kutikisa kichwa. Iliyodondoka niliirudisha. Na iliyobaki niliifunga, nikaisukuma kwa kiganja kutoka mbele kwenda juu. Paji la uso likijitokeza, hiyo siichukui, hata ikiwa nzuri vipi.

Ile ya kwanza nilipanga kuipa nyota moja. Baadaye nikafikiria mbili, kwa sababu na povu lenyewe sina ugomvi, halikupewa nafasi ya kufanya kazi. Lakini nikipitisha kidole kwenye kovu hili, hapana, haipati hata moja.

Nimezikata kamba zake kwa mkasi na kukivunja kigurudumu kabla ya kuitupa, asije mtoto wa mtu akaiokota akaivaa.