Mswaki wa mti sokoni Lamu: kijiti kizuri, ila kina pengo

Vijiti vya mswaki vinavyouzwa kwa mafungu karibu na Ngome ya Lamu hutoka kwenye mizizi na vitawi vya mti ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Kwa kuondoa utando wa meno, vinastahili sifa. Shirika la Afya Duniani lilihimiza vitumike tangu miaka ya 1980 pale vilipo desturi, na majaribio kadhaa yaliyovipima dhidi ya brashi ya plastiki yalikuta usafi unaokaribiana.

Kijiti kipime kabla hujalipa. Unene uwe wa kidole cha mwisho. Kipinde kidogo: kibichi hukubali, kilichokauka hukatika. Kwaruza ganda kwa ukucha; ndani pawe peupe na harufu kali kama ya haradali ipande puani. Ukali huo ni wa kemikali iitwayo benzili isothiosayaneti, ambayo huua bakteria katika vyombo vya maabara. Mdomoni kuna mate, chakula na utando mzito, kwa hiyo matokeo ya maabara yasichukuliwe kuwa ya kinywa.

Menya ganda sentimita moja tu, tafuna mpaka nyuzi zitengane. Kikikauka, kiloweke kwanza. Kila siku kata nyuzi za jana, kwani zilizochakaa huchoma ufizi na hazisafishi. Vuta kutoka kwenye ufizi kwenda ncha ya jino. Wengi husugua kushoto kulia, tena meno ya mbele peke yake; baadhi ya tafiti za Saudi Arabia zilikuta watumiaji wa mswaki wana ufizi ulioshuka zaidi. Na kwa kuwa nyuzi hutazama mbele, upande wa ndani wa meno ya chini husahaulika, na huko ndiko ukoga hugandia.

Tatizo kubwa ni jingine. Majaribio mengi ya mswaki yana watu wachache, huchukua wiki kadhaa, na hupima utando na ufizi. Jino halitoboki kwa wiki tatu, kwa hiyo majaribio hayo hayajibu swali la kuoza. Dawa ya meno yenye floraidi inalo jibu: mapitio ya mwaka 2003 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yalijumlisha matokeo ya tafiti 70 zenye watoto zaidi ya 42,000, na kuoza kulipungua kwa takriban asilimia 24. Kijiti chenyewe kina floraidi kidogo mno isiyoweza kufanya kazi hiyo. Katika mji wa halua, tende na kashata, pengo hilo si dogo hata kidogo.

Basi viende pamoja. Wakati wa Ramadhani, dawa ya meno itumike baada ya daku na kabla ya kulala, mchana kijiti kiendelee. Mtoto chini ya miaka 3 apewe mpako kama punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kama punje ya mbaazi. Ateme, asisukutue kwa maji mengi, floraidi ibaki kwenye meno.

Boksi lenye picha ya mti wa mswaki lisikudanganye, maana baadhi ya dawa za mitishamba hazina floraidi kabisa. Geuza upande wa viambato, tafuta namba kati ya 1,000 na 1,500 mbele ya herufi ppm, kipimo cha wingi wa floraidi. Isipoonekana, lirudishe rafuni.