Programu za kusaka ishara hafifu za 136 kHz: ipi ya kwanza, na uiwekeje

Kutuma 5H, mwanzo wa jina la kituo cha redio ya ridhaa (ya kujifurahisha) cha Tanzania, kwa QRSS60, yaani Morsi ya polepole mno ambayo namba yake ni sekunde za nukta moja, kunachukua dakika 19. Nukta moja ni dakika nzima. Sikio halina kazi hapo. Kinachosoma ni jicho, kwenye skrini ambako ishara inajichora kama uzi mwembamba juu ya kelele. Ndiyo maisha ya bendi ya mita 2200, yaani 135.7 hadi 137.8 kHz, ambayo mkutano wa dunia wa redio wa 2007 uliwapa wanaridhaa kwa nguvu isiyozidi wati 1 ya mnururisho.

Programu nne ninazozipanga hapa ni za bure zote. Fedha yako itaenda kwenye kipokezi na antena. Ila programu ndiyo itakayokula muda wako, na ukikosea mipangilio yake, kipokezi cha bei mbaya hakitakuokoa.

Ya kwanza: Spectrum Lab

Imeandikwa na Wolfgang Büscher, DL4YHF (jina la kituo chake), wa Ujerumani. Ukiifungua mara ya kwanza utadhani umekaa kwenye chumba cha rubani: menyu juu ya menyu. Vumilia. Hakuna nyingine hapa inayokuachia uhuru kama huu, na kwenye ishara hafifu uhuru huo ndio unaolipa.

Jambo la kuelewa ni moja. FFT, hesabu inayochora skrini hiyo, hugawa masafa katika vyumba vidogo, na upana wa chumba ni sampuli kwa sekunde ukigawanya kwa urefu wa FFT. Chumba kikiwa chembamba, kelele inayoingia pamoja na ishara inapungua: ukipunguza upana kwa nusu umepata desibeli 3. Ukitoka upana wa sauti ya kawaida wa 2500 Hz hadi 0.02 Hz, faida ni kama desibeli 51. Lakini chumba chembamba kinahitaji muda mrefu kujaa, na muda huo ukizidi nukta moja, nukta na kistari vinachanganyika kuwa ukoga. Kwa hiyo muda huo wa kujaa, yaani dirisha, uwe karibu na urefu wa nukta, au chini yake kidogo.

Mimi huanza na kadi ya sauti kwenye sampuli 48000 kwa sekunde. Kwa QRSS3 nagawanya sampuli kwa 16, zinabaki 3000, kisha FFT ya 8192: chumba 0.37 Hz, sekunde 2.7. Kwa QRSS30 nagawanya kwa 64, zinabaki 750, FFT ya 16384: 0.046 Hz, sekunde 22. Kwa QRSS60, zile zile 750 na FFT ya 32768: 0.023 Hz, sekunde 44. Wengi hupanda hadi 65536 wakidhani kubwa ni bora; dirisha linafika sekunde 87, na nukta ya dakika moja imeshazama. Ukishagawanya sampuli, kumbuka kuweka masafa ya katikati pale ishara ilipo, la sivyo utatazama kipande kitupu usiku kucha.

Umbo la dirisha kwenye hesabu liwe Hann, linalofifisha kingo za kila kipande cha sampuli. Linatanua mstari kidogo, lakini kituo chenye nguvu kilicho jirani hakimwagikii majirani zake kama inavyotokea kwenye dirisha la mstatili. Mstari mpya kila sekunde 10 unatosha kwa QRSS60. Skrini ya pikseli 1000 inabeba karibu saa tatu. Rangi zibane ndani ya desibeli 30 hadi 40. Pia iambie programu ihifadhi picha yenyewe kila inapojaa, maana njia za mbali hufunguka usiku, wewe ukiwa umelala.

Kwetu kuna sababu ya ziada ya kuiweka namba moja. Bonde la Kongo na Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na kila mpasuko wa radi unasikika kwenye masafa haya kama kofi. Spectrum Lab ina kazi ya kukata mipasuko hiyo kabla haijaingia kwenye FFT. Usipoikata, radi moja inachafua dirisha zima la sekunde 44.

Ya pili: WSJT-X

Hii ni kwa anayetaka jibu, siyo picha. Ilianzishwa na Joe Taylor, K1JT, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 1993, naye ameendelea na redio ya ridhaa bila makuu. WSPR, mfumo wake wa kutuma ujumbe mfupi kwa ishara hafifu, inachukua chini ya dakika mbili. Kwa masafa ya chini kuna FST4W, mfumo wa aina hiyo hiyo, iliyokuja na toleo la 2.3 mwaka 2021, yenye mizunguko ya sekunde 120, 300, 900 na 1800. Anza na 120. Kwenye mita 2200 weka redio 136.0 kHz, USB (upande wa juu wa masafa, siyo waya), nawe utatazama sauti za 1400 hadi 1600 Hz. Saa ya kompyuta ilinganishwe kwa intaneti. Ikipotea sekunde chache tu, hutasoma kitu. Udhaifu wake ni kwamba isiposoma inanyamaza, wala hujui kama tatizo ni antena, saa au chaja ya jirani.

Ya tatu: Argo

Kazi ya Alberto di Bene, I2PHD, na Vittorio De Tomasi, IK2CZL, wa Italia. Unachagua aina ya QRSS, imetosha. Ningempa mgeni hii kwa wiki mbili za kwanza, kisha ahame.

Ya nne: skrini za HDSDR na wenzake, programu za kuendeshea redio kwa kompyuta

Nzuri kwa kutafuta kelele ya nyumbani. Kwa QRSS60 ziache.

Sasa fedha. Kadi ya sauti ya 192 kHz haifiki hapa, kwa kuwa mwisho wake ni 96 kHz, nusu ya sampuli zake; kwa hiyo kipokezi kinahitajika. Airspy HF+ Discovery inaanza 0.5 kHz, SDRplay RSP1A inaanza 1 kHz, na zote zina kristali thabiti ya 0.5 kwa milioni: kwenye 137 kHz hilo ni 0.07 Hz. Redio ya kawaida inayoyumba 20 kwa milioni inakwenda 2.7 Hz, na uzi wako utakuwa mteremko. Washa kipokezi saa moja kabla. Feni ya mezani iliwahi kunichorea mawimbi kama ya bahari kila ilipogeuka kuelekea redio yangu. Nilihangaika siku mbili nikilaumu programu.

Kabla ya kununua chochote zaidi, zima AGC (kinachopandisha na kushusha sauti chenyewe), zima "maboresho" yote ya sauti kwenye Windows, kisha chomoa chaja, inverta na balbu za LED moja moja huku ukitazama skrini.