PokerStove: inapima vizuri nguvu ya karata za mwanzo, lakini si kuimarika kwake

Mchezaji wa Texas Hold'em, aina ya poka ambapo kila mmoja huunganisha karata zake mbili na tano za mezani zinazotumiwa na wote, anapopokea karata zake mbili za mwanzo hujiuliza mambo mawili: zina nguvu kiasi gani mbele ya karata za mpinzani, na je, zitaimarika zile za mezani zikifunuliwa? PokerStove, programu ya bure ya kompyuta za Windows iliyoandikwa na Andrew Prock, hulijibu vizuri sana swali la kwanza. La pili humwachia mtumiaji, na ni vyema anayeanza kuitumia alijue hilo mapema.

Matumizi yake ni mepesi. Unaingiza karata za kila mchezaji, au kundi zima la karata unazodhani mpinzani anaweza kuwa nazo, kisha unaiamuru ikokotoe. Kwa wachezaji wawili ambao karata zao zinajulikana, inaweza kupitia michanganyiko yote 1,712,304 ya karata tano za mezani, kwa hiyo jibu lake si la kukisia. Ree mbili dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote zina takriban asilimia 85 ya ushindi. Wapinzani wakiwa wanane, kiwango hicho hushuka hadi kama asilimia 35. Kila anayependa kuwaacha watu wengi waingie mchezoni akiwa ameshika jozi kubwa angepaswa kuziona namba hizi mbili zikiwa pamoja.

Tatizo huanza pale jibu hilo linaposomwa kana kwamba ni uwezekano wa kuimarika. Chukua jozi ya nane dhidi ya ree na mfalme wa aina tofauti: programu itaipa jozi asilimia 55 hivi. Lakini katika karata 50 usizoziona zimebaki nane mbili tu. Uwezekano wa kuzikosa zote katika karata tatu za kwanza za mezani ni 48/50 mara 47/49 mara 46/48, yaani asilimia 88.2; kwa hiyo utapata nane ya tatu kwa asilimia 11.8 tu, na hata ukizisubiri karata zote tano, ni asilimia 19.2. Ile asilimia 55 ni ya mchezaji atakayefika mwisho. Anayetupa karata zake mara tu malkia anapofunuliwa mezani hawezi kuitegemea.

Ndivyo ilivyo pia kwa karata mbili za aina moja, tuseme kopa, ambazo wengi huzithamini kupita kiasi. Uwezekano wa kufunuliwa kopa tatu katika karata tatu za kwanza za mezani haufiki asilimia 1, na wa kufunuliwa mbili ni karibu asilimia 11. Ukishazipata hizo mbili, utaipata kopa ya tano, na hivyo kukamilisha karata tano za aina moja zenye nguvu kubwa, kwa asilimia 35.

Kwa anayejifunza kulinganisha karata kwa utulivu nyumbani, naipendekeza bila kusita, mradi aweke karatasi na kalamu kando ya kompyuta kwa ajili ya hesabu za kuimarika.