TAHADHARI: Kompresa feki za "silinda mbili" zinazouzwa mtandaoni Kampala

Ndugu madereva wa safari, wenye Land Cruiser, Prado na Hilux, na yeyote anayepanga kufunga kompresa ya upepo chini ya boneti: kuna muuzaji anazungusha mzigo feki hapa Kampala na ameshaumiza watu. Mimi ni fundi umeme wa magari. Mzigo wake umefika kwenye meza yangu zaidi ya mara moja, nimeufungua, na ninachowaeleza hapa nimekiona.

Anatangaza Facebook na TikTok. Picha safi, boksi lenye jina la kampuni kubwa ya Australia, maandishi "lita 300 kwa dakika", bei nusu ya ile ya madukani. Ukiuliza duka liko wapi, mzigo uko stoo, utaletewa kwa boda boda. Anataka malipo ya kwanza kwa mobile money, na jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri si la duka lake. Ukihoji, ni la mke wake, au la mhasibu. Boksi likifika, kijana wa boda ameagizwa usilifungue mpaka umalizie pesa. Risiti haina anwani wala namba ya mashine. Ukirudi na malalamiko, ameshakufungia namba. Tangazo linabaki na picha zilezile, jina la duka tu ndilo limebadilika.

Dereva mmoja wa watalii aliinunua akaifunga kabla ya kupeleka wageni hifadhi ya Kidepo. Alishusha upepo ili avuke mchanga wa mto uliokauka, kama sote tunavyofanya. Alipotoka upande wa pili akawasha kompresa apandishe. Tairi ya kwanza ikajaa kwa kusuasua, ya pili ikiwa katikati akasikia harufu, halafu moshi ukatoka pembeni mwa boneti. Alikuwa na akili ya kung'oa waya wa betri haraka. Aliendelea pole pole na tairi laini mpaka akapata msaada, akiwa na familia ya watu ndani ya gari. Tairi yenye upepo mdogo ikikimbizwa kwenye lami inachemka na kupasuka, kila dereva analijua hilo.

Nilipoifungua mezani: vichwa viwili vya silinda kwa nje, lakini kimoja ni ganda tupu. Hakuna pistoni, hakuna ringi, boliti tu zimeshikilia kifuniko. Kichujio cha hewa ni kipande cha sponji kama cha kuoshea vyombo. Kilichofanana na vali ya usalama ni skrubu iliyobanwa. Swichi ya joto, ile inayoizima mashine ikichemka, haimo kabisa.

Lakini kilichonitisha zaidi ni waya. Chini ya ganda nene la plastiki kulikuwa na nyuzi chache za shaba, nyembamba kuliko waya wa taa za mbele, na juu yake wameweka fyuzi ya ampea 40. Fyuzi kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Waya mwembamba ukipewa fyuzi kubwa, waya ndio unaogeuka fyuzi: unaungua kabla fyuzi haijakatika. Wa dereva yule uliyeyuka ukagandia kwenye sponji ya boneti, karibu na bomba la mafuta.

Sasa hesabu, kwa sababu namba ndiyo inayomuumbua. Kompresa ya ARB, kampuni ya Australia, ya silinda mbili, ile ya kweli ya volti 12, kampuni yenyewe inaitaja lita 174 kwa dakika ikipuliza bila mzigo. Inaungwa moja kwa moja kwenye betri, na waya zake zinakuja na fyuzi mbili za ampea 40. Huyu anakuuzia "lita 300" ambayo tangazo lake linasema unaweza kuichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara! Tundu lile kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 hadi 15. Volti 12 mara ampea 15 ni wati 180. Kusukuma lita 300 kwa dakika kwenye tairi ya PSI 30 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi) kunadai wati zaidi ya 500, hata mashine ingekuwa haipotezi nguvu yoyote. Haiwezekani.

Kipimo kingine unaweza kukifanya mwenyewe ukiwa na saa. Tairi ya 265/70 R16, kutoka PSI 18 hadi 35, inahitaji kama lita 70 hadi 80 za hewa. Lita 300 za kweli zingeimaliza ndani ya sekunde 20. Mashine ya silinda moja iliyo nzuri itachukua dakika moja na nusu au mbili, na hakuna ubaya wowote hapo. Ikikuchukua dakika nane, umeuziwa uongo.

Kwa hiyo ukinunua, muulize muuzaji ampea kabla ya lita. Akikosa jibu, ondoka. Mwambie aiwashe mbele yako ijaze tairi. Angalia waya palipokatwa, sio unene wa plastiki. Kwa mashine ya silinda mbili usikubali nyuzi chache nyembamba za shaba. Namba ya mashine iwe imechongwa au imebandikwa kwenye chuma na iandikwe kwenye risiti. Na kama gari lako halina difu loki za upepo (zile za kufunga magurudumu yazunguke pamoja), ukitaka kujaza tairi tu, silinda moja ya kweli inakutosha. Wengi wanaingia mtegoni kwa kutafuta kubwa wasiyoihitaji.

Kama ulishalipa, usifute ujumbe wa mobile money wala picha za tangazo. Piga simu kwa mtandao wako mara moja, maana pesa ikishatolewa kuirudisha ni shida kubwa, kisha peleka ushahidi polisi. Kwa bidhaa feki, UNBS, shirika la viwango la Uganda, nao wanapokea malalamiko. Wapelekee mashine pamoja na boksi lake.

Na kama ameshakufungia garini, toa fyuzi yake leo hii, usisubiri safari iishe. Ukiacha waya ule kwenye betri, umeme unabaki ndani yake hata gari likiwa limezimwa limelala uani.