Tathmini ya Trello: kugawa majukumu na madaraka katika kiwanda kidogo cha ushonaji

Trello ni programu ya kupanga kazi iliyozinduliwa mwaka 2011 na kampuni ya Fog Creek ya Marekani, kisha ikanunuliwa na Atlassian mwaka 2017, na kwa muda mrefu imekuwa ikipendekezwa kwa wafanyabiashara wadogo wanaotaka kila mfanyakazi aujue wajibu wake. Hapa naipima kwa jambo moja tu: kama inaisaidia biashara yenye watu wasiozidi kumi kuweka wazi nani anafanya nini, nani anaamua nini, na nani anawajibika kwa nani. Ninaitumia katika kiwanda cha kushona sare za shule mjini Morogoro, ambako mimi ndiye msimamizi wa uzalishaji. Kwa swali la kwanza inasaidia sana, kwa la pili inasaidia kidogo, na kwa la tatu haisaidii chochote mpaka wenye biashara wawe wameshakaa na kulijibu wenyewe.

Wazo lililo ndani yake limetoka viwandani. Katika karakana za Toyota nchini Japani, chini ya mhandisi Taiichi Ohno, kila kundi la vipuri liliambatana na kadi iliyoeleza kinachohitajika na kwa kiasi gani, na utaratibu huo ukajulikana kwa jina la kanban. Trello imeuhamishia kwenye simu na kompyuta: kuna ubao, ubao una safu, na ndani ya safu kuna kadi ambazo husogezwa kadiri kazi inavyoendelea. Kwetu safu zimeitwa Oda Mpya, Kukata, Kushona, Vifungo na Pasi, Ukaguzi, na Tayari Kuchukuliwa. Kadi moja ni oda moja, na ndani yake huwekwa jina la shule, idadi ya sketi, kaptula na mashati, picha ya karatasi ya vipimo, kiasi cha advansi kilicholipwa na tarehe ya kukabidhi. Shule hufunguliwa Januari, kwa hiyo oda huanza kurundikana tangu Novemba, na katika miezi hiyo mzazi au mwalimu mkuu akipiga simu kuulizia mzigo wake, yeyote aliye karibu na simu ya kiwanda anaweza kumjibu bila kuwasimamisha mafundi wote kwenye cherehani zao.

Hata hivyo, faida kubwa zaidi haitokani na safu hizo. Inatokana na ile picha ndogo ya mtu aliyekabidhiwa kazi, inayokaa kwenye kona ya kadi na ambayo hapa naiita sura, kwa maana hapo ndipo swali la wajibu linapopata jibu au linapokosa. Trello inaruhusu kadi moja kuwekewa watu wengi. Kwa maoni yangu huo ndio udhaifu wake mkubwa katika suala la uwajibikaji, kwa sababu oda yenye sura nne huishia kuwa oda ambayo kila mmoja anadhani mwenzake anaifuatilia. Asana, ambayo ni programu shindani, iliundwa kwa kanuni kwamba kazi moja hukabidhiwa mtu mmoja, na katika hili naiona Asana ina busara zaidi. Anayetumia Trello anapaswa kujiwekea kanuni hiyo mwenyewe na kuisimamia bila kuchoka: kadi moja, sura moja.

Lakini sura ya nani? Hili linahitaji kufikiriwa kwa makini kuliko jambo lingine lolote katika mpangilio mzima, kwa kuwa shati la shule hupita kwa mkataji, kwa fundi wa cherehani, kwa anayepiga ovaloki, kwa anayetoboa matundu na kuweka vifungo, na kwa mpiga pasi, na kosa la mikononi mwa mmoja huonekana likiwa limeshafika kwa mwingine. Utaratibu wa kubadilisha sura kila oda inapohama hatua unavutia kwa macho, ila una kasoro kwamba kola ikitoka imepinda, fundi husema alikipokea kitambaa kikiwa kimekatwa vibaya, mkataji husema vipimo vilivyoandikwa havisomeki, na mteja anabaki hana wa kuzungumza naye. Utaratibu uliotufaa ni wa sura isiyobadilika. Anayeipokea oda kwa mteja ndiye kiongozi wa oda hiyo mpaka siku ya kuikabidhi, hata kama hashiki mkasi wala sindano, na majina ya mkataji, fundi na mpiga pasi huandikwa katika orodha ya hatua iliyo ndani ya kadi. Katika kifurushi cha bure majina hayo huandikwa kwa mkono kama maneno ya kawaida, kwa sababu uwezo wa kumkabidhi mtu kila hatua ya orodha rasmi umo katika vifurushi vya kulipia. Sioni kwamba tumepungukiwa na kitu kwa hilo.

Kanuni nyingine tuliyojiwekea ni kwamba kadi huhamishwa na anayepokea, si anayetoa. Fundi wa cherehani huhesabu vipande, huvilinganisha na karatasi ya vipimo, na akiridhika ndipo yeye mwenyewe anaivuta kadi kuingia safu ya Kushona. Hivyo ndivyo kanban ya Toyota ilivyokusudiwa tangu mwanzo, hatua ya mbele ivute kazi kutoka hatua ya nyuma, na kila kadi ya Trello hutunza kumbukumbu ya aliyeihamisha na wakati aliofanya hivyo. Ubishi wa nani alipokea nini na kikiwa katika hali gani umepungua kwa kiasi ambacho mafundi wenyewe wamekisema.

Sasa nije kwenye madaraka, ambako programu hii inahitaji msaada mkubwa wa binadamu. Trello ina vyeo vyake, yaani msimamizi wa ubao na mwanachama wa kawaida, lakini vyeo hivyo vinahusu ubao wenyewe na wala havihusu biashara. Mwanachama wa kawaida anaweza kusogeza kadi yoyote, kubadilisha tarehe ya kukabidhi na kuiondoa kadi ubaoni. Cheo cha mtazamaji asiyeweza kubadilisha kitu kimo katika kifurushi cha kulipia kiitwacho Premium. Maana yake ni kwamba keshia akitaka kumpendeza mteja aliyekasirika anaweza kuileta tarehe ya kukabidhi karibu zaidi kwa kidole kimoja, na chumba cha kukatia kisijue. Hakuna kitufe kitakachozuia hali hiyo. Kinachoizuia ni makubaliano.

Kwa sababu hiyo, kabla ya ubao kufunguliwa tuliandika ukurasa mmoja wa madaraka, kwa Kiswahili, ukasomwa mbele ya wote na kujadiliwa. Ukurasa huo unasema kwamba tarehe ya kukabidhi hupangwa na kubadilishwa na msimamizi wa uzalishaji peke yake. Kwamba bei na punguzo ni mamlaka ya Mama mwenye kiwanda. Kwamba keshia anaweza kununua nyuzi, vifungo na sindano hadi shilingi 50,000 bila kuomba ruhusa, ilhali vitambaa havinunuliwi mpaka Mama aidhinishe. Na kwamba Mama akisafiri, anayekaimu ni fulani, ambaye jina lake limeandikwa. Kifungu kilichojadiliwa kwa muda mrefu zaidi kilihusu jamaa za familia. Wengi walio katika biashara za kifamilia wataitambua hali hii: mjomba anaingia karakanani kwa nia njema kabisa, anamwambia fundi aache sketi alizonazo aanze kaptula za shule nyingine, na fundi, kwa heshima, hawezi kumwambia mkubwa wake hapana. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na fundi ndiye anayeumia kwanza. Tulikubaliana kwamba ushauri wa mjomba unapokewa kwa heshima zote na unapitia kwa msimamizi wa uzalishaji, na kwamba fundi akipewa agizo la namna hiyo atajibu, "Shikamoo mjomba, nimekusikia, naomba nimfikishie msimamizi." Kumpatia mfanyakazi maneno ya kusema ni sehemu ya kumpatia wajibu, na ni sehemu inayosahauliwa mno. Picha ya ukurasa huo ndiyo kadi ya kwanza kwenye ubao wetu.

Ningependa pia wenye biashara wasidanganyike kwamba ubao huu unachukua nafasi ya maelezo ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa za ajira kwa maandishi, na maelezo ya kazi ni miongoni mwa taarifa hizo. Kadi ya oda inaonyesha kazi ya wiki hii tu. Mkataba unaeleza nafasi ya mtu katika biashara, na mkaguzi wa kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, hatauliza Trello inasema nini kabla ya kuuliza mkataba uko wapi.

Kuhusu gharama, kifurushi cha bure kinaruhusu washiriki hadi 10 na mbao hadi 10 katika eneo moja la kazi (yaani "workspace", mahali mbao za biashara moja zinapowekwa pamoja ndani ya Trello), pamoja na viambatisho vyenye ukubwa usiozidi megabaiti 10 kila kimoja, kiasi kinachotosha kabisa kwa picha za vipimo. Kifurushi cha Standard ni dola 5 kwa kila mtu kwa mwezi ukilipa kwa mwaka mzima, na Premium ni dola 10. Kwa watu tisa, Premium ingetugharimu dola 90 kila mwezi, na kwa kiwanda cha sare sioni inacholeta kinacholingana na fedha hizo. Ukomo wa watu kumi utazibana biashara nyingi, kwani kwa mujibu wa sera ya Tanzania ya biashara ndogo na za kati ya mwaka 2003, biashara ndogo ni yenye wafanyakazi kuanzia 5 hadi 49. Hata hivyo si lazima kila mtu awe na akaunti. Mafundi wetu kadhaa hawatumii simu janja, nao hupitia simu ya kiwanda iliyo mezani kwa mkataji. Programu ya simu huendelea kufanya kazi mtandao unapokatika na hupeleka mabadiliko mtandao ukirudi.

Mazungumzo na wateja tumeyaacha WhatsApp, mahali ambapo wateja wenyewe wapo. Kwa maagizo ya kazi ndani ya kiwanda WhatsApp haifai, kwa kuwa ujumbe wa asubuhi huwa umezikwa ifikapo adhuhuri.

Jambo linalonipa wasiwasi ni mwelekeo wa programu yenyewe. Maboresho ya mwaka 2025 yameongeza kikasha cha kukusanyia mambo ya kufanya na mpango wa siku uliounganishwa na kalenda, vitu vinavyomlenga mtu mmoja mmoja zaidi kuliko kikundi, na ningefurahi zaidi kama wangetoa cheo cha mtazamaji bure au kuruhusu ubao kukataa sura ya pili kwenye kadi. Kwa hali ilivyo leo, naipendekeza kwa karakana, mgahawa au duka la vipuri lenye watu watano hadi kumi na kazi zinazopita mikononi mwa wengi. Kwa duka la mtu na mdogo wake, daftari linatosha.

Atakayeanza, afungue akaunti kwa anwani ya barua pepe ya biashara, wala si ya kijana anayejua kompyuta, kwa sababu anayefungua ubao ndiye huwa msimamizi wake. Awape usimamizi watu wawili, mmoja wao akiwa mwenye biashara mwenyewe, na neno la siri liandikwe na kuhifadhiwa pamoja na leseni na hati za kodi. Mfanyakazi anapoacha kazi, akaunti yake iondolewe siku ileile anayokabidhi funguo, na kadi zote zenye sura yake zipewe kiongozi mwingine kabla ya jioni.